Kipimo Kilichoshindwa na Baridi

Letisia aliiona mistari miwili kwa macho yake mwenyewe, barazani kwa shangazi yake Uwemba, Njombe, Jumamosi moja ya Julai, na hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Alikuwa mmoja wa watu wanne waliokitengeneza kile kipimo. Mistari miwili maana yake karanga ni salama. Mstari mmoja maana yake kuna sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo haina harufu wala ladha, na ambayo hukaa kwenye ini la mtu miaka na miaka kabla haijajulikana.

Shangazi Dorosela alikuwa amejitanda blanketi juu ya sweta, na miguuni amevaa soksi ndani ya ndala. Alisaga unga wa lishe na kuwauzia akina mama wenye watoto wadogo. Mahindi, soya na ulezi vilikuwa vya huko huko nyumbani. Karanga alizifuata sokoni Makambako, zinakoshushwa na malori yanayotoka mikoa ya joto. Tangu kampuni ya Chekecha, alikofanya kazi Letisia, impe kipimo cha kujaribia, wateja walikuwa wameongezeka, kwa sababu alipima mbele yao. Alitwanga karanga kidogo, akazitia kwenye kichupa chenye dawa, akatikisa, akachovya kijiti kama vile vya kupimia malaria, kisha wote wakasubiri dakika kumi kama watu walio kanisani.

"Umeona, Ema," alimwambia mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni. "Miwili. Haya si maneno yangu mimi muuzaji. Na aliyekitengeneza ndiye huyu hapa, mtoto wa kaka yangu."

Ema alimtazama Letisia kwa heshima iliyomfanya Letisia aangalie pembeni.

Wakati wa kuondoka alichota konzi mbili za karanga kutoka kwenye lile gunia, akazifunga kwenye karatasi na kuzitia mkobani. Hakuwa na wazo lolote. Ilikuwa ni mazoea ya kazi tu, kama fundi cherehani anavyookota vipande vya vitambaa.

Maabara ya Chekecha ilikuwa nyumba ya kupanga Makambako, nyuma ya ghala la mbolea. Chumba cha vipimo kilikuwa na tanuri la kukaushia sampuli ambalo halikuzimwa kutwa nzima, kwa hiyo hata Julai wafanyakazi walifika wamevaa makoti na kuyavua mlangoni. Jumatatu Letisia alizipima zile karanga katika chumba hicho. Ulitokea mstari mmoja.

Alidhani amechanganya karatasi. Akapima tena, akapata mmoja. Akafungua boksi jipya la vijiti, akapata mmoja. Jioni, bila kumwambia mtu, alichukua kichupa na kijiti akaenda kupimia nje, nyuma ya jengo, upepo wa Makambako ukimpiga usoni. Dakika kumi zilipotimia aliwasha tochi ya simu. Mistari ilikuwa miwili, imekolea vizuri kabisa, kama ile ya Uwemba.

Siku tatu zilizofuata alipima na kipimajoto pembeni. Zaidi ya nyuzi kumi na nane kijiti kilisema kweli. Chini ya kumi na tano kilidanganya, na kilidanganya upande mmoja tu: kilisema salama. Dawa ya kwenye kichupa ilishindwa kuitoa sumu kwenye karanga kukiwa na baridi. Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba aliona aibu. Kwa miaka miwili walikuwa wamekijaribu kipimo cha kutumika Njombe wakiwa wameketi kando ya tanuri.

Ijumaa alimpelekea Sadock daftari la majibu hayo. Sadock ndiye aliyeianzisha kampuni. Alikuwa mtu wa Mahongole, mwana wa mzee wa kanisa, aliyeacha kazi ya uhakika serikalini baada ya mdogo wake kufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka ishirini na tisa. Alilisoma daftari mara mbili, akalifunga, akaliwekea mkono juu.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Jumatatu wanakuja wale wawekezaji wa Dar."

"Najua."

"Tumewasubiri mwaka na nusu, Letisia. Wasipoweka saini, mwezi wa tisa nafunga huo mlango." Alimrudishia daftari. "Sikukatazi kusema. Nikikukataza, halafu mtoto wa mtu akaumia, nitakaaje? Ila mimi sitaweza. Nimeshawaambia watu mara nyingi mno kwamba hiki kitu kinafanya kazi. Nikisimama pale kusema vingine, mdomo hautafunguka. Sema wewe."

Letisia alikuwa amejiandaa kugombana. Alitoka ofisini akiwa ameruhusiwa kila kitu, na badala ya kupata nafuu akahisi amebebeshwa mzigo ambao mwenzake ameuweka chini.

Jioni hiyo alimpigia shangazi yake.

"Shikamoo shangazi. Lile gunia la karanga, usilisage."

"Marahaba mwanangu. Nilishalisaga siku ile ile ulipoondoka. Jumapili baada ya misa nikamaliza pakiti zote."

Letisia alimweleza.

"Lakini nilipima," Dorosela alisema. "Kama mlivyonifundisha. Hata dakika sikupunguza."

"Hukukosea, shangazi. Sisi ndio tuliokosea."

"Nimewaonyesha watu ile miwili. Nimewashika mkono nikawaonyesha."

Kesho yake walizunguka pamoja, shangazi na mpwa, kutoka nyumba moja hadi nyingine. Letisia alibeba chupa ya chai yenye maji ya moto ya kupashia kichupa. Pakiti zilikuwa ishirini na nne. Walizipata tisa. Nyingine zilikuwa zimekwisha liwa. Mbili zilinunuliwa na mwanamke aliyekuwa safarini kwenda Ikonda kumuuguza dada yake aliyejifungua, na hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu. Wengi waliwapokea vizuri, wakawapa viti, wakasikiliza. Wawili walicheka.

Ema aliwakaribisha jikoni, karibu na moto. Mtoto wake, msichana wa miezi tisa, alikuwa amekaa kwenye mkeka akinyonya kijiko.

"Dada, nilikiona mwenyewe," Ema alisema. "Mistari ilikuwa miwili. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Kulikuwa na baridi. Kipimo kikipata baridi kinakosea. Ngoja nikuonyeshe."

Aliupima unga wa Ema hapo hapo, kichupa kikiwa ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu. Dakika kumi zilipita wakimtazama mtoto. Kijiti kilitoa mstari mmoja. Ema alikishika akakigeuza huku na huku.

"Kwa hiyo juzi kilisema salama, leo kinasema sumu. Karanga zile zile."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nitajuaje kwamba cha leo ndicho cha kweli?"

Letisia alikuwa na grafu tatu kwenye mkoba wake. Alikuwa na shahada. Alimtazama Ema, ambaye hakuwa akibishana wala kumdhihaki. Alitaka kweli kujua.

"Niamini," Letisia alisema.

"Nilikuamini wiki iliyopita, dada." Ema alimpakata mtoto. "Huyu alikuwa hali kabisa. Tangu nimeanza unga huu amepata mashavu. Muone. Nikiurudisha, kesho nitampa nini?"

Dorosela alisema atamrudishia hela yake, na atamsagia mwingine usio na karanga. Ema alishukuru, akasema atafikiria. Pakiti ilibaki kwenye rafu, nyuma ya kopo la chumvi, na wao hawakuwa na haki ya kunyoosha mkono na kuichukua. Walirudi kwa Dorosela. Hapo shangazi alikifunga kipimo kwenye boksi lake na kumkabidhi Letisia.

"Nenda nacho. Sitaki kukiona tena."

Jumatatu wawekezaji walifika saa nne. Walikuwa wawili, mzee mmoja mwenye mvi asiyesema sana, na Jasmine, mwanamke wa miaka kama arobaini ambaye mfuko wake wa uwekezaji ulikuwa umesaidia kampuni nyingi changa. Alivaa koti jipya zito ambalo bila shaka alilinunua kwa ajili ya safari hii. Alisalimiana na kila mtu, mpaka mlinzi. Letisia alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa.

Sadock aliongea nusu saa, kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mwenzake ana jambo. Letisia alisimama. Alieleza yote: tanuri, karanga za Uwemba, upepo wa nyuma ya jengo, nyuzi kumi na tano. Aliwaonyesha vijiti viwili kando kwa kando. Akasema anachokiomba. Vipimo sitini vilivyokwisha kusambazwa kwa majaribio virudishwe vyote wiki hiyo, na kisitoke kingine mpaka dawa mpya ipatikane.

Jasmine alikuwa akiandika muda wote. Alipomaliza aliweka kalamu chini.

"Tatizo linatatulika?"

"Linatatulika. Kubadilisha dawa na kuijaribu upya. Miezi minane, pengine mwaka."

"Na kwenye joto la kawaida kipimo hakikosei?"

"Hakikosei. Lakini hapa kwetu hakuna joto la kawaida miezi hii. Chumba ulicholala jana kilikuwa na nyuzi ngapi?"

"Sikulala," Jasmine alisema. "Nilitetemeka mpaka asubuhi."

Watu wakacheka, hata yule mzee mwenye mvi. Letisia naye alitabasamu bila kupenda, na akajua papo hapo kwamba kuna kitu kimemponyoka.

"Nisikilizeni," Jasmine aliendelea. "Nimekaa kwenye vikao kama hiki mara nyingi. Kila kampuni ina kasoro, na kila kampuni inaificha. Mimi huwa naigundua mwenyewe baada ya mwaka, tena kwa bahati mbaya. Leo ni mara ya kwanza mtu kuniletea mwenyewe mezani, na takwimu juu yake. Nilikuja nikiwa na wasiwasi na ninyi, siwafichi. Sasa sina. Watu wanaosema ukweli namna hii ndio ninaotaka kuweka fedha kwao."

"Na hivyo vipimo sitini?" Letisia aliuliza.

Jasmine alishusha pumzi. Aliongea polepole, kama daktari anayetoa majibu yasiyo mazuri. Mfuko wao ulikuwa na kanuni zake. Bidhaa ikirudishwa kutoka kwa watumiaji, hilo linahesabika kuwa tukio, na mkataba wowote husimama mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi huchukua mwaka.

"Kampuni yenu ina mwaka mmoja wa kusubiri?"

"Hatuna," Sadock alisema.

"Basi mtafunga. Mkifunga, hiyo dawa mpya haitatengenezwa na mtu yeyote, na vile vipimo sitini vitabaki huko huko bila wa kuvifuatilia. Lakini tukisaini, tatizo linaingia kwenye mpango wa maboresho, lina bajeti yake. Kwa sasa tunaandika kwenye karatasi ya maelekezo kwamba kitumike kwenye nyuzi kumi na nane hadi thelathini. Huo ni ukweli, au si ukweli?"

"Ni ukweli," Letisia alisema.

"Niambie nilipokosea."

Letisia alitafuta. Alisimama mbele yao kama mwanafunzi ubaoni, akiipitia hoja ile kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila hatua ilisimama imara juu ya nyingine. Alimfikiria yule mtoto na kijiko chake. Mtoto hakuingia popote kwenye ile hoja. Akakaa.

Saini zilitiwa kabla ya chakula cha mchana. Jasmine alimkumbatia wakati wa kuaga na kumwambia kampuni ina bahati kuwa naye. Wiki mbili baadaye Letisia alipandishwa kuwa mkuu wa ubora.

Kazi yake ya kwanza kwa cheo kipya ilikuwa hiyo karatasi ya maelekezo. Chini ya mstari wa nyuzi kumi na nane aliongeza sentensi moja: *Kama kuna baridi, weka kichupa kwapani kwa dakika kumi kabla ya kupima.* Mwanasheria wa Dar aliirudisha karatasi, sentensi hiyo ikiwa imekatwa. Maelekezo ambayo hayajathibitishwa na utafiti hayawezi kuchapishwa, aliandika, na utafiti huo ulikuwa umepangwa awamu ya pili. Letisia alimpigia simu. Mwanasheria alikuwa mstaarabu sana, akamweleza jambo lile lile kwa maneno mengine.

Alianza kuandika barua ya kuacha kazi. Aliimaliza, akaisoma, akaiacha kwenye simu bila kuituma. Akiondoka, pale maabara hatabaki mtu wa kulisema hili hata kwa mdomo. Sadock aliacha kuja kunywa chai na wenzake saa nne. Siku moja walipokutana mlangoni alimwambia, "Ukiona namna nyingine, nionyeshe, nami nitaifuata." Hakuwa akitania. Letisia hakuwa na namna ya kumwonyesha.

Mwisho wa Agosti vipimo mia mbili vilipelekwa Njombe, na waliovihitaji waliitwa kwenye mafunzo ya siku moja katika ukumbi wa kukodi. Walikuja watu arobaini: wasagishaji, wauza karanga, wapishi wa shule. Ukumbi ulikuwa na sakafu ya vigae na madirisha makubwa. Saa tatu asubuhi kipimajoto cha Letisia kilisoma nyuzi kumi na mbili.

Hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu. Alileta karanga alizojua zina sumu, akawagawia wote, akawaambia wapime. Baada ya dakika kumi meza zote zilikuwa na mistari miwili, na watu wakaonyeshana kwa furaha. Kisha akawaambia waweke vichupa vipya kwapani, ndani ya masweta. Kulikuwa na vicheko, wanawake wakapeana migongo. Walipima tena. Safari hii kila meza ilipata mstari mmoja.

Mzee mmoja wa mbele, Hezekia, mwenye mashine ya kusaga karibu na stendi, alisimama.

"Samahani, binti. Kwa hiyo mnatuuzia kitu kibovu?"

Kabla Letisia hajajibu, Sadock alikuja mbele. Alieleza kwa upole kwamba kila kifaa kina masharti yake ya matumizi, hata dawa za hospitali, na ndiyo maana ya mafunzo. Hakudanganya hata neno moja. Watu walitikisa vichwa kukubali, viti vikakwaruza sakafu, ukumbi ukarudia uchangamfu wake.

"Karatasi haisemi habari za kwapani," Hezekia alisema, akiisogeza mbali na macho ili aisome.

"Haisemi," Letisia alisema. "Ninasema mimi."

Wakati wa kugawa, alitegemea wengi wataviacha. Hakuna aliyekiacha. Hezekia mwenyewe alichukua viwili. Letisia alimfuata mpaka mlangoni akamuuliza kwa nini, baada ya yote aliyoyaona.

"Wanunuzi wa shule siku hizi wanataka ile kadi ya kubandikia kijiti, ionyeshe umepima," mzee alisema. "Bila kadi hawachukui unga. Wanaangalia mistari. Mambo ya joto hawaulizi." Alimtazama kwa huruma kidogo. "Mimi nitaweka kwapani, binti. Lakini huwa sipimi mimi, wanapima vijana wangu, na mashineni wana haraka."

Letisia aliazima kalamu ya wino mzito kwa mwenye ukumbi. Alisimama pale mlangoni na kuanza kuandika juu ya kila boksi lililopita, kwa herufi kubwa: PASHA KWAPANI DAKIKA 10. Baadhi walisimama wakamngoja. Wengine walikuwa na gari la kuwahi, wakampita wakimpungia mkono na kumshukuru kwa mafunzo. Maboksi yaliyobaki, zaidi ya mia moja, ya wale ambao hawakuja, yalikuwa yamekwisha kupakiwa nyuma ya gari dogo yakisubiri kupelekwa vijijini. Alimwomba dereva asubiri kidogo.

"Dakika tano, dada," dereva alisema. "Nina safari ndefu."

Alifungua turubai, akapanda, akapiga magoti katikati ya maboksi na kuandika haraka, bila kunyanyua kichwa. Alikuwa amefikisha kumi na saba dereva alipowasha injini.